BABE RUTH, NA FURERE ALIYEMFUNDISHA KUPIGA MPIRA



Mwaka huu wadogo wetu wa mwaka wa kwanza na wa pili wamepata mchezo mpya. Mwalimu wetu wa gimnastiki aliuona kule Kampala, akarudi nao hapa Goma. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaungojea na fimbo. Akiupiga, anakimbia kuzunguka vituo vinne. Mchezo huo unaitwa beisboli. Uko na mdogo wake anayeitwa softiboli, wenye mpira mnene zaidi na mrushaji anayerusha kwa mkono wa chini. Sisi hatuna vyombo vyenyewe. Tunacheza juu ya mawe ya volkano, na mpira wa matambara uliofungwa kamba, na fimbo ya mkaratusi.

Tuseme kweli: sisi kapita hatukuupenda mchezo huu. Kelele ilikuwa nyingi, na siku moja kioo cha dirisha kikavunjika. Tuliandika jina la mtoto aliyekivunja ndani ya daftari ya adabu. Lilikuwa limekwisha kuandikwa humo mara nne. Tukamnyang'anya fimbo. Mwalimu alipoona vile, alituuliza kama tunamjua Babe Ruth. Hatukumjua. Akatuagiza tusome maisha yake mbele ya kuandika jina lingine. Tumesoma, na leo tunawasimulia.

1. MTOTO ALIYESHINDIKANA

Jina lake la kweli ni George Herman Ruth. Alizaliwa tarehe 6 Februari 1895 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, kule Marekani. Wazazi wake walikuwa wa ukoo wa Wajerumani. Walizaa watoto 8, lakini wawili tu ndio walikua: George na dada yake Mamie.

Baba yake alikuwa na kilabu cha pombe. Kazi ya kilabu haina mwisho, asubuhi mpaka usiku, na mama alikuwa mgonjwa mara kwa mara. Basi George alilelewa na barabara. Masomo aliyakimbia. Aliiba vitu vidogo dukani, alitupia madereva wa mikokoteni mawe, alitafuna tumbako na kuonja pombe iliyobaki ndani ya vikombe. Yote hayo aliyakiri mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Sisi wa Goma hatuna haja ya kuelezwa sana. Watoto wa namna ile tunawaona kule Birere, tunawaita maibobo, na tunashika mifuko yetu tukiwapita.

Tarehe 13 Juni 1902, akiwa na miaka 7 tu, alipelekwa kwenye shule ya Mtakatifu Maria, shule ya kazi za mikono kwa watoto wa kiume. Aliandikishwa kama mtoto aliyeshindikana, asiyeweza kurudishwa. Miaka 7, na wakubwa wamekwisha kumkatia tamaa!

Shule ile ilikuwa na watoto karibu 800: yatima, maskini, na wale walioshinda wazazi wao. Ilikuwa na ukuta kama gereza. Iliendeshwa na Mafurere wa Mtakatifu Francis Xavier, shirika la Wakatoliki lililoanzishwa kule Bruges, Ubelgiji, mwaka 1839. George aliingia na kutoka mara kadhaa, lakini kwa jumla alikaa humo karibu miaka 12. Watu wa nyumbani hawakumtembelea sana. Mama yake alikufa mwaka 1912. Shuleni alijifunza kushona mashati, na kazi hiyo aliijua vizuri.

2. FURERE MATTHIAS

Kati ya mafurere wale alikuwako mmoja, jina lake Furere Matthias Boutlier, mtu wa Kanada. Alikuwa mrefu karibu mita 2, na mabega yake yalijaza mlango. Na kazi yake? Alikuwa msimamizi wa disiplini. Ni kazi yetu ile ile, wandugu! Inasimuliwa kwamba siku moja watoto walianza fujo kubwa uani. Furere Matthias alikuja, akasimama tu mahali wote waweze kumwona, akanyamaza. Fujo ikaisha.

Jioni, hasa Jumamosi, mtu huyu alikuwa na desturi yake. Alitupa mpira juu, akaupiga na fimbo aliyoishika kwa mkono mmoja tu, ukaenda mbali mbali, watoto mamia wakaukimbilia. George alisimama akitazama, kinywa wazi. Hakuwa amepata kuona mtu akipiga vile. Nyuma, akiwa mtu wa sifa, alisema kwamba alizaliwa kama mpigaji siku ile alipomwona Furere Matthias akipiga. Alimwiga hata mwendo: Furere alitembea vidole vya miguu vikielekea ndani, na George naye akatembea vile mpaka kufa kwake.

Furere hakumtolea mfano tu. Alimsaidia kusoma na kuandika. Alikaa naye kiwanjani saa nyingi, akimrushia mpira, akimwonyesha kosa, akimrudisha kuanza tena. George alitumia mkono wa kushoto. Darasani aliandika kwa mkono wa kuume, lakini kiwanjani aliachwa apige kwa upande wake mwenyewe. Shule haikuwa na glavu ya mtu wa namna yake. Basi aliivaa ile iliyokuwapo, akadaka mpira, akaivua haraka, akarusha kwa mkono ule ule.

Inasimuliwa tena kwamba siku moja mrushaji wa timu yao alipigwa vibaya, na George akamcheka kwa sauti. Furere Matthias angeweza kumfukuza kiwanjani. Alimpa mpira, akamwamuru arushe yeye basi, aone kama ni rahisi. Kumbe alirusha kushinda wote! Hivi adhabu ikawa mlango.

3. MWILI UNAPIGA NAMNA GANI?

Hapa tunaomba wadogo wetu wasome polepole, maana ni juu yao.

Katika siku za utoto wa Ruth, wapigaji wengi walishika fimbo juu kidogo, mikono mbali na mwisho wake, wakaugusa mpira tu ili uanguke mahali pasipo mtu. Ruth alishika fimbo kwenye mwisho kabisa, na fimbo yake ilipita kilo moja. Alisimama miguu karibu karibu. Aligeuza bega la mbele mpaka mrushaji akaona mgongo wake. Kisha alipiga hatua kubwa, kiuno kikafunguka, mabega yakafuata, mikono ikaja mwisho. Alisema kwamba namna hiyo aliitazama kwa mchezaji mmoja mkubwa, Joe Jackson, akaiiga.

Tulipojaribu, tuliona kwa nini nguvu inatoka humo. Kamua nguo iliyolowa: mkono mmoja unazungusha huku, mwingine kule, na nguo inajaa nguvu ya kutaka kurudi. Mwili wa mpigaji ni nguo ile. Kiuno kinapoanza kufunguka mbele na mabega bado yamebaki nyuma, tumbo na mgongo vinakamulika; ukiachilia, mabega yanaruka yenyewe. Mtu anayepiga kwa mikono tu ni sawa na mtu anayepasua kuni ameketi kitini. Atatoka jasho, ukuni utamcheka.

Mwalimu wetu ametupa mambo matano ya sehemu ya juu ya mwili. Kwa anayepiga upande wa kuume ni hivi:

Kwanza, mikono miwili ianze karibu na bega la nyuma. Isikae mbele ya kifua, wala isishuke kwenye mkanda.

Pili, bega la mbele, yaani la kushoto, lielekee mrushaji, na lisifunguke mapema. Likifunguka mapema, nguvu imekwisha kutoka na mpira haujafika.

Tatu, kiuno kianze, mabega yafuate, mikono ije nyuma yao. Kiwiko cha nyuma kishuke karibu na mbavu. Kisiruke mbali kama bawa la kuku.

Ine, wakati wa kugusa mpira, kiganja cha mkono wa kuume kitazame juu na cha mkono wa kushoto kitazame chini. Usiviringishe mikono mbele ya kugusa.

Tano, kichwa kitulie na macho yabaki juu ya mpira. Mabega yazunguke chini ya kidevu: kidevu kinaanza kwenye bega la mbele na kinamaliza kwenye bega la nyuma.

Lakini tuangalie jambo moja. Katika beisboli ya watu wazima mrushaji anasimama mita 18 na nusu hivi toka kwa mpigaji. Katika softiboli ya wanawake ni mita 13 tu, na kwa watoto ni karibu zaidi. Tena mpira unatoka chini, unaweza kuja ukipanda. Muda ni mfupi sana. Kwa hiyo mtoto wa softiboli asiige kule kujigeuza kwote kwa Ruth mpaka kuonyesha mgongo, atachelewa. Achukue mpango wake tu, kiuno, mabega, mikono, na aufanye kwa njia fupi. Furere Matthias naye alikuwa na mwili wa mita 2. Ruth hakuupata mwili ule, alipata namna ya kupiga.

4. SIFA YAKE

Februari 1914 mtu mmoja aitwaye Jack Dunn, mkubwa wa timu ya Baltimore, alifika shuleni akamwandika George kwa dola 600 za msimu mmoja. Kwa kuwa kijana hakuwa ametimiza umri wa kujitegemea kwa sheria, Dunn alikubali kuwa mlezi wake. Wachezaji wengine walimwona akimfuata Dunn kama mtoto mchanga, wakamwita Babe, maana yake mtoto. Jina likashika.

Mwezi wa saba mwaka ule ule aliuzwa kwa timu ya Boston. Kule alikuwa mrushaji hodari, na timu yake ilishinda ubingwa mwaka 1915, 1916 na 1918. Lakini mpigo wake ulipita urushaji. Mwaka 1919 alipiga homurani 29. Homurani ni mpira unaovuka ukuta wa kiwanja, mpigaji akazunguka vituo vyote bila wa kumkamata. Hesabu hiyo haikuwa imefikiwa na mtu mbele yake. Mwisho wa mwaka ule Boston ikamuuza kwa timu ya New York.

Kule New York ndipo watu walishangaa kabisa. Mwaka 1920 alipiga homurani 54. Mwaka 1921 alipiga 59. Mwaka 1927 alifika 60. Kiwanja kipya cha timu yake kilipofunguliwa tarehe 18 Aprili 1923, yeye ndiye alipiga homurani ya kwanza humo. Mwaka 1921 wataalamu wa chuo kikuu cha Columbia walimpima macho, masikio na mikono, wakaona kwamba vilifanya kazi upesi kupita vya watu wengi. Alipoacha kucheza mwaka 1935, jumla ilikuwa homurani 714. Hesabu hiyo ilidumu mpaka tarehe 8 Aprili 1974, alipoipita Hank Aaron, Mmarekani mweusi.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaipendi kuitaja. Mara 1.330 Babe Ruth alisimama na fimbo yake akakosa, akatolewa, akarudi kuketi mbele ya watu maelfu. Mdogo wetu, wewe umekosa mara ngapi?

5. MAKOSA YAKE

Hatutaki kumfanya malaika. Fedha ilipokuja, tabia za kilabu zilirudi. Alikula kupita kiasi, alikunywa, alikesha, alibishana na wakubwa. Mwaka 1922 alisimamishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1925 mwili ulimshinda, akalazwa hospitali, akapasuliwa. Mwaka ule ule mkubwa wa timu, Miller Huggins, mtu mdogo wa mwili, alimsimamisha na kumlipisha dola 5.000. Ruth alikasirika, kisha akaomba msamaha. Miaka yake mizuri mingi ilikuja nyuma ya adhabu hiyo. Hivi hatusemi kwamba disiplini haina kazi. Alitamani sana siku moja awe mkubwa wa timu, lakini wenye timu kubwa hawakumpa nafasi hiyo.

Jambo lingine si kosa lake peke yake, lakini sisi Waafrika hatuwezi kulipita. Miaka yote aliyocheza Ruth, weusi walikatazwa kuingia katika timu zile kubwa. Walikuwa na ligi zao, na humo alikuwamo Josh Gibson, mpigaji wa ajabu, aliyekufa Januari 1947. Miezi michache nyuma yake, tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alifungua mlango. Kwa hiyo tukisikia kwamba Ruth alishinda wote, tujue kwamba wote hawakuruhusiwa kushindana naye. Ni watoto wangapi walikuwa na mabega ya kupiga, wakakosa mtu wa kuwafungulia kiwanja?

6. HAKUSAHAU

Mwezi wa nne 1919 moto mkubwa uliunguza shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1920 Ruth alichukua wapiga tarumbeta wa shule ile, akasafiri nao kwenye miji timu yake ilikocheza, ili watu watoe fedha za kujenga upya. Furere Matthias alimnunulia motokari, Cadillac, mwaka 1926. Motokari ile iligongwa na treni, na Ruth akamnunulia nyingine. Watoto wa mayatima na wagonjwa aliwatembelea maisha yake yote.

Furere Matthias alikufa mwaka 1944. Babe Ruth alipatwa na kansa, akafa New York tarehe 16 Agosti 1948, akiwa na miaka 53. Maiti yake iliwekwa kwenye mlango wa kiwanja kile kile alichokifungua kwa homurani, na watu maelfu kwa maelfu walipita kumwaga.

7. NA SISI JE?

Mchezo huu si wa mbali tena. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, kule Uganda kwa majirani zetu, walifika Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya watoto. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kule. Nao walianza na fimbo na mtu wa kuwaonyesha.

Sisi tuliofundishwa kuandika majina tulijiuliza swali. George Ruth angeletwa hapa, jina lake lingejaza daftari yetu mbele ya mwisho wa mwezi wa tisa. Tungeiandika kweli tupu, maana makosa aliyafanya. Lakini Furere Matthias naye alikuwa msimamizi wa disiplini, naye aliyajua makosa yale yale. Tofauti ni kwamba nyuma ya kuyajua alishika fimbo akapiga mpira, ili mtoto apate kitu cha kutazama.

Basi tulimwita yule mtoto wa kioo. Alikuja akitetemeka, akidhani ni adhabu ya pili. Tukamrudishia fimbo, tukamwambia apige tuone. Alipiga kwa mikono tu, na bega la mbele lilifunguka mapema. Ndiyo maana mpira ulikwenda pembeni, kwenye madirisha! Kosa la disiplini lilikuwa pia kosa la bega. Tulimshikia bega, tukamwonyesha kiuno, na baada ya Jumamosi tatu mpira wake unaenda mbele. Tumegeuza pia kiwanja, madirisha yawe nyuma ya mpigaji. Kioo bado ni kartoni, na mtoto mwenyewe bado anachelewa asubuhi. Jina lake tuliliandika tena Jumatatu iliyopita. Lakini Jumamosi, salongo ikiisha, yeye ndiye anafika wa kwanza na mpira wake wa matambara, na sasa anawaonyesha wengine kidevu kikae wapi.

Sisi wa mwaka wa sita tunaelekea mtihani wa Serikali, na nyuma yake tutaondoka. Daftari ya adabu tutawaachia ninyi wa mwaka wa tano. Iko ndani ya kabati, na kurasa nyeupe zimebaki nyingi. Fimbo ya mkaratusi iko nyuma ya mlango ule ule. Tunawaomba mchukue vyote viwili.

Kapita wenu wa mwaka wa sita